Motoka Iliyokataa Kilioni

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba motoka yake imekataa, namuuliza imekataa nini. Motoka haikatai kitu. Haina kichwa cha kukatalia. Ina moteri, ina bateri, ina waya, ina esansi ndani ya tangi, na isipowaka kuna mahali pamekatika, pamelegea au pamekauka, basi. Nasema hivi kwa hasira, najua, na wajukuu zangu hucheka, wanasema babu ameanza tena. Wacheke. Wao hawakumwona dada yangu akipiga magoti kwenye vumbi mbele ya kamyoneti.

Ilikuwa Elisabethville, miaka ile baada ya vita vya Wazungu, mtaa wa Katuba ukijengwa na mji ukivuta watu kutoka kila upande. Sisi tuliotoka Mitwaba tulikuwa na chama chetu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzikana. Mtu akifia mjini, mbali na kwao, ni chama kilichotafuta mbao za sanduku, kilichowapikia waliokuja kulia, na kilichomfikisha makaburini. Zamani tuliwabeba mabegani, njia nzima, juani. Kisha Mzungu mmoja aliyelima mboga upande wa Luano akataka kuachana na kamyoneti yake kuukuu, chama kikaichukua.

Kati yetu mimi peke yangu nilikuwa na ruhusa ya kuendesha. Siku za kawaida nilikuwa shofere wa duka moja la jumla mjini. Siku za msiba nilikuwa shofere wa chama, Mzungu wangu akiniachilia. Moteri nazo nilizijua, maana shofere wa siku zile asiyejua moteri alilala porini.

Kamyoneti yenyewe ilikuwa imechoka, lakini haikuwa mbaya. Kibanda cha mbele cha watu wawili, nyuma kitanda cha mbao chenye kuta fupi, na demareri ya kukanyaga kwa mguu, kitufe cha chuma kilichokaa sakafuni karibu na pedali. Unafungua kontakti kwa ufunguo, unakanyaga, inaguna kidogo, inawaka. Siku ya kwanza niliyoileta kutoka Luano iliwaka vizuri hata wazee wakainyunyizia unga na kuiombea.

Halafu zikaja sheria. Prezida wa chama, mzee mwenye sauti ya chini na msimamo wa jiwe, alikaa na wazee wenzake wakakubaliana: hii ni motoka ya wafu. Haitabeba unga, haitabeba makaa, haitabeba mtu anayekwenda sokoni. Mtu mzima hatapanda nyuma pale bila sanduku, maana kukaa mahali pa maiti bila maiti ni kujiitia. Na ikifika kwenye kilio, moteri izimwe kabisa, ili kelele zake zisifunike maneno ya watu wanaomuaga mtu wao. Mimi nilisema, moteri kuukuu ikiwaka iachwe iwake. Prezida akarudia sheria ileile. Basi nikawa nazima.

Mara ya kwanza ilipogoma ilikuwa kwenye kilio cha mzee mmoja fundi wa viatu. Sanduku limeingia, watu wamejipakia nyuma, wanawake wamekaa hata kwenye ubao wa mwisho miguu ikining'inia. Nikakanyaga demareri. Kimya. Nikakanyaga tena. Hata kuguna haikuguna. Nikashuka, nikachukua manivele, ile fimbo ya chuma ya kuzungushia moteri kwa mbele, nikazungusha mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakuna hata kikohozi.

Nikawaambia basi wasukume. Ungedhani nimetukana. Mzee mmoja akaniambia taratibu, "Hatusukumake mufu. Tukimusukuma ni kumufukuza mu nyumba yake." Wakashuka wote. Mtoto mkubwa wa marehemu akasimama karibu na sanduku, akasema baba, nisamehe, tangu Pasaka sikuja kukuona, nenda na amani. Akalia, watu wakalia naye. Prezida akaniambia, "Jaribu sasa." Nikakanyaga. Ikawaka.

Yule mtoto alirudi kwake mwepesi, nadhani hata alilala vizuri kuliko siku zote. Hakuna aliyeumia. Ndiyo maana sikubishana siku ile, nilicheka tu na kusema bateri imechoka. Lakini habari ilitembea. Katika mji ule watu walikuwa wametoka vijijini juzi, na kule kwetu maiti aliyebebwa mabegani aliweza kukataa njia, akawavuta wabebaji huku na huku mpaka wamfikishe mlangoni kwa mtu aliyemuua. Mjini hakukuwa na wabebaji tena. Kulikuwa na kamyoneti.

Mimi nikaanza kuitafuta ile pane, hitilafu yenyewe, kila Jumapili baada ya misa, uani kwa chama. Nilianza na bateri. Ilikuwa chini ya sakafu ya kibanda, unafunua kibati unaiona. Nikakwangua vichwa vyake, nikavipaka grisi. Nikatoa bugi zote, zile plagi za kutoa cheche, nikazisafisha kwa brashi. Nikafungua karibureta, nikaipuliza kwa mdomo mpaka nikahisi ladha ya esansi siku nzima. Nikaangalia waya za kontakti, nikakaza kila skrubu niliyoiona. Kisha nikakanyaga demareri, ikawaka. Nikazima, nikawasha, nikazima, nikawasha. Kila mara inawaka.

Nikasema labda ni joto. Nikaizungusha mjini mpaka ikatoa mvuke, nikaisimamisha juani, nikaizima, nikangoja. Ikawaka. Labda ni unyevu: nikaimwagia ndoo ya maji. Ikawaka. Nikaiweka kwenye mteremko, kichwa juu, kichwa chini. Ikawaka tu, shenzi ile. Hakuna kitu kinachomtesa fundi kama ugonjwa unaojificha ukimwona. Ukiwa na chombo kibovu kabisa unajua umesimama wapi. Hiki kilikuwa kizima mbele yangu na kibovu mbele ya watu.

Kwenye kilio cha mtoto mchanga, waliokuja wakiwa wachache, iliwaka mara moja. Watu wakasema, unaona, mtoto hana neno na mtu. Kilio kingine, cha mama mmoja muuza samaki, ikakataa, na jirani aliyekuwa hasemezani naye akaitwa akasema pole mbele ya sanduku, ikawaka. Kidogo nami nikaanza kuogopa. Nasema kweli. Unakaa pale mguu juu ya kitufe, na nyuma yako watu wanangoja. Lakini siku ile nilipata jambo moja: ilipokataa nilijaribu taa za mbele, nazo hazikuwaka. Watu waliposhuka, taa zikarudi. Nikajua basi haikuwa esansi, haikuwa bugi. Umeme wote wa motoka ulikuwa unapotea na kurudi. Nilibaki kutafuta mahali.

Nilimwomba prezida kitu kimoja tu: nipe watu wapande nyuma Jumapili, wakae kama siku ya msiba, nione. Akasema, "Bapande bila mufu? Weye utabazika?" Nikaomba nipakie magunia ya unga. Akasema ile haiko motoka ya unga. Nilikasirika nikapiga teke gurudumu, nikaumia kidole, nikaenda nyumbani.

Majuma machache baadaye akafa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo.

Alikuwa mtu wa treni, alifunga na kufungua mabehewa, na walikaa na dada yangu katika nyumba ya kambi pamoja na watoto wao wawili, msichana aliyekwisha kuanza shule kwa masista na mvulana aliyekuwa bado anavutwa mkono. Shemeji alikohoa msimu mzima wa baridi. Dispensari walimpa dawa, akanywa, akapungua, akafa ndani ya mwezi wa joto kali, kabla mvua hazijaanza. Hakuna siri yoyote katika kifo kile. Kifua kilimmaliza.

Asubuhi ya maziko tulikaa pande mbili, sisi na watu wa marehemu. Kaka yake mkubwa alikuwa amefika kutoka Kambove, alikokuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi mgodini, mtu mkimya, nguo safi. Na shangazi yao, mama mzee aliyekuja mjini miaka mingi na bado akisema na kila mtu kama mtoto wake. Nyumba ya kambi ilibidi irudishwe, mfanyakazi akifa jamaa yake hutoka. Swali lilikuwa watoto. Kwa desturi yetu watoto ni wa ukoo wa baba. Nikaomba: waacheni na mama yao, kwangu Katuba, wamalize shule, kisha watakuja kwenu wakubwa wenye akili. Kaka wa marehemu akafikiri, akasema, "Ni muzuri. Mama yao hana kosa. Babaki naye." Dada yangu alikuwa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, akasikia. Aliinamisha uso, na mimi niliona mabega yake yakilegea. Alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki duniani, akakipata.

Sanduku likatoka mchana. Lilichelewa kwa sababu mbao zilichelewa, na marehemu alikuwa ndani ya chumba tangu jana yake, kwenye joto lile. Sitazunguka: alikuwa ameanza kunuka. Mbao zilikuwa nyembamba, hazikuziba kitu. Wanawake walikuwa wanashika pua wakijifanya wanajifuta machozi, na dada yangu aliona kila mkono ulioinuka.

Watu walikuwa wengi kuliko kilio chochote nilichowahi kupeleka, watu wa treni, watu wa chama, majirani wa kambi. Walijaa nyuma mpaka kuta zikalia. Kaka wa marehemu alipanda mbele karibu nami, ndiyo nafasi ya ndugu. Dada yangu na shangazi walikuwa chini bado, wangepandishwa mwisho. Nilijipa moyo, nikafungua kontakti, nikakanyaga.

Kimya.

Nilijaribu taa. Hakuna. Nyuma mtu akasema polepole, "Anakatala." Neno likashuka kutoka kitandani likatembea uani. Nikamwambia kaka wa marehemu, "Shemeji, ukae hapa. Ni waya. Nitaiona." Akajibu bila kunitazama, "Weye uko ndugu yake." Hapo nilielewa tumefika wapi. Kila nitakachogusa kitakuwa mkono wa ndugu wa mjane unaoficha jambo.

Nikafungua kapo, kifuniko cha moteri, hata hivyo. Nikajifanya naangalia, maana mle ndani nilikuwa nimeshaangalia kila kitu. Kisha nikalala chali vumbini, nikaingia chini ya motoka. Katika Jumapili zangu zote nilikuwa nimeiangalia bateri kutoka juu. Sasa nilikuwa chini yake, na watu wote wamekaa juu yangu, na niliona.

Bateri ina waya mbili nene. Moja inakwenda kwenye demareri. Nyingine ni ya masi, inafungwa kwenye shasi, yaani kwenye mifupa ya motoka, ili umeme upate njia ya kurudi. Huyo Mzungu wa mboga, au fundi wake, aliwahi kubadilisha waya ya masi akaweka fupi. Motoka ikiwa tupu, ilitosha. Ikipakiwa watu, hasa wakikaa kwenye ubao wa mwisho, shasi ilijikunja chini kidogo, na waya ikakazwa kama kamba ya nguo. Kwenye shingo yake, pale inapoingia ndani ya kichwa cha risasi kinachoshika bateri, nyuzi zilikuwa zimekatika karibu zote. Ikivutwa, zinaachana. Ikilegea, zinagusana. Na moteri ikishawaka dinamo huilisha, hata watu wakipanda tena haizimiki.

Nilicheka. Ee, nilicheka, chini ya sanduku la shemeji yangu, kwa furaha. Nilikuwa nimeipata. Wakati huohuo shangazi alikuwa amesema, "Bashuke bote. Mukazi aseme na bwana yake," na watu wakaanza kushuka. Nilisikia miguu yao ikigonga ardhi, mmoja mmoja, na kila mmoja aliposhuka shasi ilipanda kidogo, na waya ikalegea mbele ya pua yangu, mpaka nikaona cheche ndogo ikiruka pale shingoni. Nikapaza sauti, "Musishuke! Mupande tena! Niliiona!"

Nani anamsikiliza mtu aliye chini ya motoka? Niliona miguu imegeuka, yote imeelekea upande mmoja. Kisha nikaona magoti ya dada yangu yakishuka vumbini.

Shangazi alimwuliza alimpa nini mumewe. Akasema dawa ya dispensari. Akaulizwa nini tena. Akasema maji, uji, hakuna kingine. "Basi juu ya nini anakatala kukuacha?" Mtu akakohoa, na nilijua kwa nini alikohoa, harufu ilikuwa imefika mpaka kwangu chini. Jua lilikuwa kali pale uani. Shangazi akasema, si kwa ukali, alikuwa anambembeleza kabisa, "Sema, mutoto. Ukisema, atakwenda. Utamuacha aoze hapa mbele ya bantu?"

Nilikuwa natambaa kwa viwiko, shati limenaswa na kitu, nararua. Nikasikia sauti yake.

"Ni miye," alisema. "Njo miye nilikuua. Unisamehe, baba ya batoto. Wende ulale."

Na kaka wa marehemu, aliyekuwa ameketi mbele kama nilivyomwacha, akanyoosha mguu kama alivyoona mimi nikifanya, akakanyaga.

Moteri iliunguruma juu ya uso wangu.

Sijui nilitokaje. Nilijikuta nimesimama, nusu uso mafuta, watu wakishusha pumzi, wengine wakifanya ishara ya msalaba, dada yangu amelala kifudifudi. Nikaingiza mkono dirishani nikazima moteri. Nikasema, sasa mupande, mupande bote kama mulivyokuwa, haitawaka, kisha mushuke, itawaka, haina kazi na maneno, ni waya! Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiluba, nadhani nikasema hata kwa Kifaransa, lugha ya kugombana na Wazungu. Hakuna aliyenyanyua mguu. Walinitazama kama wanavyomtazama mtu anayekojoa kanisani. Prezida akaja, akanishika mkono wa juu, akasema, "Amekubali kwenda. Usimurudishe." Mtu mwingine akafungua kontakti, akakanyaga, na kwa kuwa nyuma palikuwa na sanduku peke yake, ikawaka vizuri kabisa.

Watu walikwenda kwa miguu nyuma ya motoka, njia yote, kama zamani. Mimi niliendesha. Ningefanya nini? Shemeji yangu alikuwa mtu mwema, alistahili kuzikwa kabla ya jua kushuka. Dada yangu hakuruhusiwa kufika kaburini.

Jioni ile ile kaka wa marehemu alisema maneno machache tu. Watoto wataondoka na shangazi baada ya kunyoa nywele za msiba. Watakwenda kwa treni mpaka Jadotville, kisha malori ya wachuuzi mpaka juu Mitwaba. Hakumtukana dada yangu. Hakumpiga, hakuacha mtu ampige. Alimwambia hata arudishe sufuria za watu. Ningemchukia kwa urahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya.

Nikaona bado kuna siku kabla ya kunyoa, na niliamini, mjinga mimi, kwamba watu wakioneshwa kitu kwa macho wataona. Katuba ilikuwa imejaa matofali ya nyumba zinazojengwa. Nilimwomba jirani mwashi, tukaiacha moteri ya kamyoneti ikiwaka, tukapakia nyuma matofali mpaka shasi ikainama. Nikaiendesha hadi uani kwa chama, nikaizima, nikawaita: prezida, wazee, kaka wa marehemu. Walipoona matofali kwenye motoka ya wafu, wazee wawili waligeuka wakaondoka. Prezida alibaki, uso umebadilika. Kaka wa marehemu alibaki.

Nikamwambia kaka wa marehemu akanyage mwenyewe. Akakanyaga. Kimya. Tukashusha matofali, mimi na mwashi, akakanyaga. Ikawaka. Nikazima, tukapakia tena, haikuwaka. Tukashusha, ikawaka. Nikamlaza chini kwenye gunia, kapita mzima na nguo zake safi, nikamwonesha waya ikikazwa na nyuzi zikiachana. Alilala pale muda mrefu. Akagusa nyuzi kwa kidole. Alipotoka alijipangusa magoti, akakaa kwenye matofali.

"Niliona," alisema. "Motoka ilikuwa na ugonjwa. Weye haukudanganya."

Nikasema, basi watoto wabaki na mama yao.

"Shemeji," alisema, "motoka haikusema kitu. Njo yeye alisema. Mbele ya maiti, na kinywa yake mwenyewe. Ile nitaipakia na matofali gani, niishushe?"

Nilimjibu kwamba alisema kwa sababu ya harufu, kwa sababu ya aibu, kwa sababu mlimbana. Akasema inawezekana. Akasema pia kwamba akiwaacha watoto wa ndugu yake kwa mwanamke aliyetamka neno lile, na mmoja akafa, hata kwa surua, yeye ndiye atakayeulizwa na ukoo. Hakunitazama alipokuwa akisema. Aliondoka akitembea taratibu, na mimi nikabaki na mwashi na rundo la matofali.

Dada yangu nilimkuta kwangu, amekaa nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote: waya, matofali, cheche. Nilitaka alie, nilitaka akasirike, amtukane shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa jina letu la kaka mkubwa, "Yaya, ile uji ya mwisho alikatala. Nilimulazimisha kula. Alitapika. Unaona haiko ile?" Nikamwambia nyamaza. Akasema, "Ninauliza tu." Na alikuwa anauliza kweli, hakuwa anajitesa kwa makusudi. Neno alilolisema ili mumewe azikwe lilikuwa limebaki ndani yake, sasa alikuwa analitafutia sababu. Nilikwenda dukani kwa Mzungu wangu, nikaomba kipande cha waya nene, kirefu cha kutosha. Nikakifunga kwenye kamyoneti siku hiyohiyo, nikakaza mpaka spana ikateleza. Sijui kwa nini nilifanya haraka. Fundi akiona kitu kimekatika anakifunga.

Chama kilikaa, kikaamua kwamba motoka iliyobeba matofali haiwezi tena kubeba watu wetu. Tukarudi kubeba masanduku mabegani. Kamyoneti ikaachiwa mizigo ya kawaida, ya mtu yeyote wa kwetu mwenye haja. Mtu wa kwanza mwenye haja alikuwa kaka wa marehemu, aliyetaka kufikisha shangazi, watoto na vyombo vya nyumba ya kambi kwenye gari la moshi.

Niliambiwa niendeshe. Ningekataa, wangeita tu mkokoteni, na mimi nilitaka nikae nao hata ule mwendo wa mpaka stesheni. Basi nikapakia kitanda, cherehani, masufuria, mifuko ya nguo, sanduku la zana za marehemu. Juu ya mizigo wakakaa vijana wa ukoo, wengi, waliokuja kusindikiza, wengine kwenye ubao wa mwisho miguu ikining'inia. Shangazi alikaa mbele amempakata mvulana. Msichana alibanwa katikati, kitambaa cha shule bado kichwani, kwa kuwa nywele zake zilikuwa zimenyolewa.

Dada yangu alisimama karibu na dirisha langu. Aliruhusiwa kusimama, hakuruhusiwa kuwagusa. Mvulana alikuwa anamwita, tena na tena, bila kulia, kama anavyomwita asubuhi ili aje kumvalisha. Nikafungua kontakti. Nikaweka mguu kwenye kitufe na sikukanyaga. Nilikuwa nasikia uzito wote ule nyuma yangu, shasi ikilia. Mimi, ambaye sina imani na motoka yenye akili, niliiomba. Niliiomba ikatae.

Shangazi akasema tutachelewa gari la moshi. Nikakanyaga, na moteri ikawaka mara moja.

Dada yangu aliisikiliza ikiunguruma. Akapitisha mkono kwenye mlango, mahali ambapo rangi ilikuwa imetoka.

"Uliitengeneza muzuri, yaya," alisema.

Nikaingiza vitesi ya kwanza, tukaondoka.